Ng'ombe Waliorudishwa Kutoka Kisawasawa

Kabla sijazaliwa, ng'ombe walitoka kwenye zizi la babu mzaa baba, wakaswagwa hadi Kisawasawa kwa babu mzaa mama, wakalala huko, na asubuhi wakarudishwa. Hilo ndilo jambo lenyewe. Nimesoma hadi chuo kikuu nikitafuta sababu kubwa zaidi ya watu wa pande zangu mbili kutoelewana, na sikuipata.

Upande wa mama huisimulia habari hiyo kwa fahari. Wao ni Wandamba, watu wa mpunga na samaki. Babu alikuwa na majaruba yake chini ya milima, na migomba iliyosogea mpaka karibu na mlango. Posa ilipofika na ng'ombe, alitoka akawatazama, akawasifu rangi zao, akaagiza wachotewe maji. Wageni wakala wali kwa kuku. Asubuhi akawaambia, "Ndugu zetu, ng'ombe tumewaona na tumeshukuru. Rudini nao. Mtoto ni wenu."

Ukiuliza kwa nini aliwarudisha, watakwambia hakuwa na zizi, na mpunga wa majirani ulikuwa umesimama. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kwa upande wa mama, anayepokea kitu mara ya kwanza kinapotolewa ataonekana alikuwa na njaa nacho. Ukikaribishwa chakula kwa bibi, unasema umeshiba. Anakwambia onja tu. Unasema kweli nimeshiba. Anakutazama kama umemtukana, ndipo unanawa mikono. Ukinawa mara ya kwanza hakuna atakayekufukuza, lakini utasemwa ukishaondoka. Neno la kwanza kwao ni la adabu, na la moyoni hutoka baadaye, mtu akishabembelezwa. Babu alikuwa akisubiri kubembelezwa. Alitegemea wale watu warudi baada ya siku chache na kitu chepesi, jembe na vitenge pengine, na dume mmoja wa kuchinja. Bibi aliniambia kuwa alikuwa ameshaweka mchele wa kuwapokea.

Hawakurudi. Upande wa baba ni Wasukuma, wafugaji waliohamia bondeni na mifugo yao wakitokea kanda ya ziwa, na kwao mtu mzima akisema amesema. Hukaa kimya muda mrefu kabla ya kufungua kinywa, kwa sababu hiyo hiyo. Na ng'ombe wa mahari kwao ni neno lenye miguu minne. Babu mzaa baba aliwaona ng'ombe wake wakiingia tena zizini, akawafungia, akasema, "Wametukataa." Hakutukana wala hakuongeza kitu. Jambo likaisha hapo.

Kwa baba na mama halikuisha. Baba alimchukua mama hivyo hivyo, wakajenga Katindiuka, pembeni ya mji wa Ifakara, wakalima mpunga na kufuga ng'ombe wachache nyuma ya nyumba. Nilizaliwa mimi peke yangu. Kwa upande wa mama, wale wawili walikuwa mke na mume, tena waliooana kwa heshima, maana mzee alitoa binti bila tamaa. Kwa upande wa baba walikuwa watu wanaoishi pamoja. Pande zote mbili ziliendelea kutembeleana, kusaidiana wakati wa mafuriko, kupelekeana maziwa na samaki wakavu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Hivi siku ile mlikuwa na maana gani?" Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani kila upande uliona maana yake iko wazi kama mchana.

Nilikua na salamu mbili. Kwa mjomba nilisema shikamoo nikiwa nimesimama, nikaitikiwa marahaba, tukaendelea na kazi. Kwa baba nilipiga magoti nikasema mwangaluka asubuhi, mwadila mchana na jioni, na salamu ilikuwa ndefu, yenye kituo katikati. Kwa Wasukuma, ukoo una jina lake la kuitikia salamu. Mkubwa akikuitikia hulitamka jina hilo, na kwa kulitamka anakuwa amekutaja wewe, baba yako, na waliomzaa. Baba alinifundisha la kwetu nikiwa mdogo. Kila asubuhi nilipiga magoti naye akaniitikia kwalo, nami nilikwenda shule nikiwa nimeshajulikana.

Shuleni niliitwa Msukuma. "Msukuma, ng'ombe wenu wameingia shambani kwetu!" wenzangu walipiga kelele, hata kama ng'ombe wetu walikuwa wamefungwa. Nilipokwenda ng'ambo ya mto kwa baba mkubwa, binamu zangu waliniita mla kambale. Nilicheka kote kuwili. Chuoni nikasoma sosholojia, na mhadhiri mmoja alitufundisha kwamba utambulisho wa mtu ni kitu anachojijengea mwenyewe. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikafaulu. Leo ningemuuliza yule mhadhiri kiwanja cha kujengea ni cha nani.

Baba aliugua mpunga ulipoanza kuchanua, na akafariki kabla ya mavuno. Sitaandika mengi juu ya ugonjwa. Mama alitaka jambo moja tu. Alitaka baba azikwe nyuma ya nyumba, karibu na mlimao, mahali alipozoea kukaa akisokota kamba za ng'ombe. Baba mwenyewe alishasema hivyo mara kadhaa, kwa mzaha wa watu wenye afya: "Mimi mtaniweka hapa hapa, nisikie mnavyonisengenya jikoni." Mama hakuwa akiomba kitu kikubwa. Alitaka kaburi la kufagia.

Baba mkubwa alifika na ndugu zake, wamevaa mablanketi mabegani, fimbo mkononi, matope hadi magotini. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mwadila, baba."

"Mwadila," alisema. "Mhola?"

Maana yake aliuliza kama ni salama. Nilisubiri. Jina la ukoo halikuja. Nilidhani ni uchungu, au uchovu wa safari. Nikainuka, na alipokuja ndugu yake aliyemfuata nikapiga magoti tena, naye akaitikia vile vile, kwa upole, bila jina. Baba alipokuwa hai walinitamka, labda kwa kumheshimu yeye. Nilijifuta matope kwenye kanga nikaingia jikoni, na hapo nilielewa kwamba kwao mimi si wa ukoo wala mama yangu si mke, na kwamba ameshashindwa, ingawa kikao kilikuwa bado.

Kikao kilikaa asubuhi iliyofuata. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi ya kuazima, wanawake ndani na mama mkekani. Mimi nilisimama mlangoni, mahali pangu pa kawaida. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alikuwa ameshaambiwa na mama kila kitu.

Baba mkubwa alikaa kimya hadi watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, "Tumekuja kumchukua ndugu yetu. Baba yetu tulimrudisha kule tulikotoka, na mama yetu yuko kule. Naye atalala kule. Gari tumeshaliagiza."

Mjomba alikunja mikono mapajani. "Shemeji zetu, karibuni sana kwenye msiba. Mmetoka mbali, na njia ni mbaya. Marehemu alikuwa wenu kabla hajawa wetu. Sisi hatuna neno."

Nilimjua mjomba. Hilo lilikuwa neno la kwanza. Nimemwona akilitumia kwenye ugomvi wa mpaka, kwenye harusi, hata akinunua kuku. Sasa alikuwa akisubiri aambiwe, "Hapana shemeji, semeni na nyinyi, mmeishi naye." Hapo angeinamisha kichwa na kusema, "Basi kama mnatupa nafasi, dada yetu ana ombi dogo." Ombi lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Wabeja," alisema baba mkubwa, yaani asante. "Mmesema vizuri gete, kweli kabisa." Akashika fimbo yake akainuka.

"Baba mkubwa, samahani," nilisema. "Mjomba hajamaliza."

Wote waligeuka. Baba mkubwa akanitazama bila hasira. "Amemaliza. Nimemsikia mwenyewe. Au mjomba wako ana midomo miwili?"

Mtu akacheka kwenye mabenchi.

"Mjomba, sema ombi la mama," nikamwambia.

Mjomba aliangalia miguu yake. Nilikuwa nimemsaidia kwa namna mbaya kuliko zote, maana ombi likishatajwa na mtoto mbele ya wageni, mkubwa hawezi tena kulitoa bila kuonekana alificha kitu. "Mwanangu," alisema taratibu, "wakubwa wameshazungumza."

Basi nikaanza kufafanua. Nilisema kwamba kwa watu wa upande wa mama neno la kwanza ni la adabu, kwamba hata wale ng'ombe wa Kisawasawa hawakukataliwa, walikuwa wakisubiriwa warudi kwa sura nyingine. Nilisema vizuri, nadhani. Sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Baba mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si wanaume wengi wangelifanya.

"Kwa hiyo watu hawa husema wasichotaka?"

"Hapana, baba. Husema kwanza cha kumheshimu mgeni."

"Na mimi nitajuaje wanachotaka?"

"Ungeuliza mara ya pili."

"Mtu mzima nimuulize mara mbili, kama naongea na mlevi?" Aliuliza kwa dhati, si kwa dharau. "Kwetu hilo ni tusi, ng'wanone, mwanangu. Sikiliza. Wale ng'ombe wangebaki Kisawasawa, leo mama yako angesema azikwe hapa, na mimi ningeshika jembe nichimbe mwenyewe. Mama yako tunamheshimu. Amemtunza ndugu yetu. Lakini ng'ombe wake walirudi. Maiti si yake."

"Basi ng'ombe waende leo," nilisema.

Sikuwa nimepanga kulisema hilo. Mimi nisiyeamini mahari, niliyebishana na rafiki zangu chuoni kwamba mwanamke hanunuliwi, nilisimama mlangoni kwetu nikidai ng'ombe wa mama yangu. Baba mkubwa alikaa tena. Akawatazama ndugu zake, mmoja baada ya mwingine.

"Hilo linawezekana," alisema hatimaye. "Ng'ombe wapo. Wakifika Kisawasawa na wakapokelewa, mwanamke ni wetu, na neno lake litasikika."

Ndani, kilio kilipungua. Mama alikuwa amesikia.

Mjomba alisimama mpaka benchi likaanguka nyuma yake. "Hapana! Dada yangu yuko mkekani analia, mnataka nipokee mahari? Ya maiti? Watu watasema nimemuuza kwa jeneza! Hapana. Sipokei hata kwato."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mjomba akikataa kitu kwa dhati mara ya kwanza. Neno la moyoni lilitoka bila adabu yoyote, wazi kabisa, kwa namna ambayo Msukuma yeyote angeielewa. Baba mkubwa alilielewa. Akatikisa kichwa.

"Mmeona?" aliwaambia ndugu zake. "Wamekataa tena."

Mchana nilimwambia mama twende kwa mtendaji. Sheria inamtambua mjane, nilisema, haiulizi ng'ombe walilala wapi. Mama alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyenawa mikono mara ya kwanza.

"Nikawashtaki ndugu zake, yeye yuko ndani hajazikwa?"

"Ndiyo, mama. Ni haki yako."

"Halafu nitaishi na nani?"

Haki niliyoisoma ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, na mama yangu hajawahi kuwa mtu mmoja.

Kitu kimoja kilitupa matumaini, na ndicho kilichotuumiza zaidi. Jirani yetu mmoja ni mama wa Kizaramo, mjane wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa, aliyehamia Katindiuka mumewe alipofariki. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na mtani ana kazi yake msibani: kuwachokoza wafiwa na kuwazuia wasizame. Tangu wageni wafike alikuwa akiwashambulia. "Nyie Wasukuma, hata maiti mnaipeleka malishoni?" Wao wakamjibu, "Nyamaza wewe, Mzaramo, ulikuja msibani kula." Hata mama alitabasamu mara moja.

Gari lilipowashwa na jeneza likiwa limeshapakiwa, mama huyu alikwenda akalala barabarani, kichwa kwenye tope, miguu kuelekea magurudumu.

"Hatoki mtu!" alipiga kelele. "Mume wa jirani yangu haondoki! Mmemkuta kwake, mtamzika kwake! Nipitieni juu!"

Dereva akazima injini. Nilimwona mama akitoka mlangoni, kanga imemshuka begani, akishikilia fremu. Yule jirani alikuwa akilia. Nina hakika alikuwa akilia kweli. Kila alichosema ndicho mama alichotaka kusema na mjomba hakukisema, na alikisema kwa sauti, mbele ya baba mkubwa, ambaye hakuwa na ruhusa ya kumkasirikia.

Baba mkubwa alimsikiliza. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mtani ametushika," alisema. "Mpeni kuku."

Wakamletea kuku, miguu imefungwa. Hiyo ndiyo desturi, mtani akizuia jeneza huombwa radhi kwa kitu kidogo, kisha hupisha. Jirani alilala pale muda kidogo zaidi ya desturi. Watu wakaanza kupiga makofi, wakidhani anatia chumvi. Mwishowe akainuka, akachukua kuku wake, tope likimdondoka usoni, akapisha. Mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuwakatalia alikuwa na haki hiyo kwa utani tu. Kama angeendelea, angekuwa mkosefu wa adabu pande zote mbili. Mama akarudi ndani.

Hakusafiri. Baba mkubwa alimwambia nafasi ipo, akae kiti cha mbele. Mama akasema, "Nashukuru, nimechoka." Nilimtazama baba mkubwa. Nilimwomba kwa macho amwambie tena. Aliinamisha kichwa kwa heshima akapanda gari.

Mimi nilikwenda. Tulipita Sanje, watu wa barabarani wakavua kofia, kisha miwa, kisha milima ikabaki nyuma, na baada ya hapo nchi ikawa kavu na pana kiasi kwamba sikujua nitazame wapi. Tulifika kijijini kwao jua likiwa kali. Kwenye kivuli cha nyumba alikaa bibi mmoja, ndugu wa bibi yangu mzaa baba, macho yake yakiwa na ukungu. Nilipiga magoti, nikasema mwadila.

"Mwadila, ng'wanone," alisema, na akanyoosha mkono akashika uso wangu. "Unaitikia nini?"

Alikuwa akiuliza ukoo. Hakujua habari zetu. Nikamwambia lile jina baba alilonifundisha. Uso wake ukafunguka, akaanza kulitamka, na nusu ya jina ilikuwa imeshatoka kinywani mwake.

"Huyu ni mgeni wetu," baba mkubwa alisema kutoka nyuma yangu, kwa upole, kama mtu anayemsaidia kipofu kuvuka mtaro. "Ametoka Ifakara."

"Aa," alisema bibi. Mkono ukaondoka. "Karibu, mgeni. Mpeni kigoda."

Nililetewa kigoda kizuri, na maziwa. Nilipewa maji ya kunawa kabla ya wengine. Walipoitwa watoto wa marehemu kutupa udongo, walitoka wana wa baba mkubwa, ambao kwa desturi yao ni watoto wa baba pia. Mmoja alilia hadi akashikwa. Nilitupa wangu baadaye, pamoja na majirani. Sikunyanyaswa na mtu. Ningenyanyaswa ningekuwa na cha kupigania.

Niliporudi Katindiuka, nilimkuta mama nyuma ya nyumba akianua mpunga wa msimu uliopita. Palikuwa pamefagiliwa karibu na mlimao. Aliniuliza safari, akaniuliza kama wamempa kivuli, kama kuna mti. Nikasema upo. Akauliza kama nilitupa udongo.

"Nilitupa."

"Pamoja na watoto wa marehemu?"

Niliangalia majani ya mlimao. "Ndiyo, mama. Pamoja na watoto."

Alikunja mkeka, akaushika kifuani. Alinitazama usoni, akauona uongo wangu.

"Haya," alisema. "Sisi hatuna neno."

Nililijua neno hilo. Nilijua kabisa ninachopaswa kujibu. Nilipaswa kusema, hapana mama, sema, nakusikiliza, na nilipaswa kusema mara mbili, na angekaa chini na kutoa kilichokuwa moyoni. Nami nikasimama pale, mtoto wa nyumba zote mbili, mpunga ukiwa umenishika miguuni, nikanyamaza kama wanavyonyamaza watu wa baba yangu jambo likishaisha. Mama akasubiri kidogo. Kisha akaingia ndani na mkeka wake.